Mzee Biskuti Atafuna Dari

KRU!

Huo ndio mlio tuliouacha ukining'inia hewani wiki nzima, na najua wengine hamkulala vizuri kwa ajili yake. Aliyekosa gazeti lililopita asijali. Asogee, akae, nimweleze kwa pumzi moja.

Binti yetu, ambaye ofisi nzima inamwita Gundi kwa kuwa vidole vyake havijakauka gundi tangu aanze kazi, yuko kwenye majaribio kwa wabunifu wa vifungashio. Hawa ni watu wanaobuni maboksi, makopo, chupa na vifuniko, vile vitu ambavyo mimi na wewe tunavichana na kuvitupa bila hata asante. Leo ni siku ya mwisho ya majaribio. Mteja akilipenda boksi lake la biskuti, Gundi anasaini mkataba wa kudumu. Asipolipenda, kesho anaanza kazi kwenye duka la mapazia la shangazi yake. Shangazi ameshamshonea sare.

Mteja mwenyewe ni mwenye kiwanda, Mzee Biskuti, mwenye shida moja tu maishani: biskuti zake zinafika madukani zimekuwa unga. Anataka boksi la kuzilinda. Alishaleta katoni nzima ya biskuti ili zipangwe ndani ya sampuli, lakini katoni hiyo ililiwa ofisini na watu wasiojulikana. Gundi akaona aibu kuomba nyingine. Akakoroga unga wa jipsamu, ule ule wa mafundi wa dari, akafinyanga biskuti bandia, akazitoboa vitundu vya juu, akazipaka rangi, akazipanga ndani ya boksi.

Kwa watu wa kazi hii hilo si kosa. Sampuli hujazwa kitu bandia, mteja hutazama, huitikia kwa kichwa, hunywa chai na kuondoka. Sasa kosa la Gundi lilikuwa kulitengeneza boksi vizuri kupita kiasi. Lilikuwa na kiulimi cha kuvuta, laini, kinachokubembeleza. Mzee akakivuta. Boksi likafunguka. Mkono ukaingia, biskuti ikapanda mdomoni.

Kru.

Mzee alisimamisha taya. Macho yalimtoka pima. Shavu moja lilikuwa limevimba na jingine limetulia, na chumba kizima cha mikutano kikamtazama mdomo.

"Tamu, eh?" aliuliza Mkurugenzi, mwenye ofisi, mtu wa tumbo kubwa na tai fupi.

Gundi akamwinamia sikioni. "Bosi, hizo si biskuti."

"Ni nini?"

"Jipsamu."

"Jipsamu ya kula?"

"Ya dari, bosi."

Mkurugenzi aliendelea kutabasamu kwa upande wa uso uliomwelekea mteja. Upande wa pili ulikuwa unatokwa jasho. "Nyamaza," alinong'ona. "Anatafuna."

Na kweli Mzee alikuwa anatafuna. Mnamjua alivyo. Huyu ni mtu anayejigamba kila mahali kwamba kila asubuhi anakula biskuti ya kiwanda chake na haijawahi kumshinda. Leo ateme mbele ya wachora maboksi? Thubutu! Alisaga kulia, akasaga kushoto, akapumzika, akaanza tena.

Ilipokataa, akakichovya kilichobaki kwenye chai. Chai ikageuka nyekundu.

"Inatoa rangi," alisema Mzee.

"Siagi hiyo, Mzee," alidakia Mkurugenzi.

"Siagi nyekundu?"

"Siagi ikiwa nyingi huwa hivyo."

Mzee alimeza kwa shida, shingo ikapanda na kushuka. Alipopata pumzi alipiga meza kwa kiganja. "Biskuti hii imeharibika! Na ni yangu! Kumbe ndiyo maana watu wananikimbia." Akatoa simu. "Niitieni Mpishi Mkuu. Aje sasa hivi, na aje na aproni yake, maana leo anairudisha."

Kwa Gundi, huyo hakuwa mpishi tu.

Kuna jambo ambalo hamkulijua wiki zote hizi, na Gundi alinikataza nisiwaambie. Mpishi Mkuu wa kiwanda ni mjomba wake. Mjomba wa damu, mdogo wake mama, aliyemlipia masomo ya ubunifu wakati ukoo mzima unacheka. Shangazi aliposema, "Mtu mzima anasomea kuchora maboksi?" ni mjomba aliyejibu, "Kwani yanajichora yenyewe?" Walificha undugu wao ili asije mtu akasema Gundi kapata kazi kwa kubebwa.

Gundi akasimama kutaka kusema. Kiatu cha Mkurugenzi kikatua juu ya mguu wake chini ya meza.

"Ukisema neno," alinong'ona Mkurugenzi, "mkataba nauchana."

"Mtu atafukuzwa bure, bosi."

"Mtu gani? Unamjua?"

Gundi akasita.

"Humjui. Basi kaa."

Akakaa. Msinilaumu mimi, nilikuwa nimekasirika kama ninyi.

Kiwanda kiko nyuma ya ukuta wa ofisi hiyo, kwa hiyo kabla chai ya Mzee haijapoa, Mpishi Mkuu akaingia akihema. Alikuwa na aproni, kofia ya jikoni, na mfuko wa biskuti zilizotoka tanuri muda huo huo, maana alishaambiwa kwenye simu kosa lake ni nini na alikuja na utetezi.

"Shikamoo Mzee."

"Sitaki shikamoo. Keti."

Mjomba akaketi. Akamwona mpwa wake, na kwa kuwa hajui kuigiza, akaigiza sana.

"Ah! Habari yako binti, ambaye sijawahi kukuona."

"Shikamoo," alijibu Gundi kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Wewe ni mwenyeji wa wapi?"

Jana yake usiku walikula sahani moja nyumbani kwa mama Gundi.

"Acha salamu!" Mzee alimsukumia boksi. "Kula!"

Mjomba alichukua biskuti, akaiuma. Kru. Uso wake ukaganda. Mtu anayeoka biskuti kila siku ya Mungu hahitaji kuuma mara mbili. Alikitazama kile kitu mkononi. Akatazama kucha za Gundi, zenye weupe pembeni. Akamtazama Gundi machoni, na Gundi akaona kabisa kwamba mjomba ameelewa kila kitu.

"Hiyo ni kazi ya mkono wako?" Mzee aliuliza.

Sekunde ile Gundi aliomba mjomba aseme hapana.

"Ndiyo, Mzee," alisema mjomba. "Yangu hiyo. Nilizidisha moto."

Gundi alitaka kulia. Mjomba mwenye watoto shuleni, mwenye goti linalomsumbua kila mvua ikikaribia, alikuwa anajitosa kwa ajili ya boksi la kadibodi.

"Ulizidisha moto!" Mzee alisimama. "Unaniua, halafu unasema ulizidisha moto! Vua aproni!" Na kwa hasira akaibamiza biskuti nyingine sakafuni.

Biskuti ikadunda. Ikabingirika. Ikagonga mguu wa meza, ikalala chali, nzima.

Mzee akaitazama. Akainama, akaiokota, akaipuliza vumbi. Kisha akaitupa tena, safari hii kwa nguvu zake zote.

Nzima.

Akairusha ukutani. Ukuta ukabanduka rangi, biskuti ikarudi nzima.

"Haivunjiki," alisema Mzee kwa mshangao. Kisha akapaza sauti: "Haivunjiki!" Na kabla mjomba hajamaliza kufungua kamba ya aproni, alijikuta amekumbatiwa na tajiri wake hadi kofia ikamdondoka. "Wewe ni fundi! Miaka yote nahangaika na maboksi, kumbe dawa ni biskuti yenyewe!"

"Lakini Mzee," Mkurugenzi akaingilia taratibu, "mbona kama hailiki?"

"Nani kasema hailiki? Inanyonywa! Mtu anaiweka shavuni asubuhi, mchana bado anayo. Wapi utapata biskuti ya namna hiyo?" Akamgeukia mjomba. "Kesho tanuri zote zitoe hizi. Zote! Ukishindwa, nitajua ulibahatisha, na wa kubahatisha simtaki kiwandani kwangu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mzee," alisema mjomba, kwa sauti ya mtu aliyetumwa kuoka tofali.

Mkurugenzi alijipangusa jasho. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha salama. "Vizuri sana. Basi Mzee, sasa tusaini mkataba wa boksi."

"Boksi?" Mzee alicheka. "La nini tena? Biskuti hii naisafirisha kwenye gunia, kama mkaa!"

Tabasamu la Mkurugenzi lilianguka lote kwa mara moja. Akamvuta Gundi mkono. "Sema kitu!" alimkaripia chini chini. "Wewe si ndiye mbunifu? Mteja anaondoka! Sema kitu! Sema chochote!"

Gundi alisimama. Alimtazama mjomba, aliyekuwa anaifunga upya kamba ya aproni. Alilitazama boksi lake, alilolikunja na kulikunjua hadi akaliota usingizini. Aliutazama mkataba wake wa kazi juu ya meza, na kalamu yake pembeni.

Kisha akasema.

"Mzee, hiyo si biskuti. Ni jipsamu. Umekula dari."

Mkurugenzi alitoa mlio ambao siwezi kuuandika gazetini.

"Nimekula nini?" aliuliza Mzee.

"Dari, Mzee. Nilizifinyanga mwenyewe ili sampuli ijae. Zilikuwa za kutazama tu. Nilipaswa kukuzuia ulipofungua, nikaogopa. Na mjomba hana kosa lolote."

"Mjomba? Mjomba wa nani?"

Mpishi Mkuu alifumba macho.

"Huyu ni mjomba wangu," alisema Gundi. "Anakudanganya kwa ajili yangu. Biskuti zake ni nzuri, Mzee. Zinavunjika, lakini ni nzuri. Usimfukuze. Nifukuze mimi."

Mzee alikaa polepole. Akapitisha ulimi kwenye meno yote, moja baada ya jingine, kama anayehesabu yaliyobaki.

"Umenilisha dari," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na nikaisifu."

"Umeisifu sana, Mzee."

"Na ile rangi?"

"Ya maji. Ile ya watoto wa chekechea. Wao huwa wanailamba na hawaumwi."

"Na katoni niliyoileta mimi, ya biskuti za kweli? Iko wapi?"

Gundi akatazama sakafu. Hakutaka kumtaja mtu. Lakini Mzee si wa kuachia jambo njiani. Alizungusha macho chumba kizima, akashuka nayo taratibu hadi kwenye tai fupi ya Mkurugenzi. Kwenye mkunjo wa tai palikuwa na chembechembe za rangi ya dhahabu.

"Nilionja," alisema Mkurugenzi.

"Katoni nzima?"

"Nilionja kwa makini. Mbunifu lazima aielewe bidhaa."

Kisha, kama kawaida ya mtu aliyebanwa, akatafuta wa kumbana. Akamnyooshea Gundi kidole. "Lakini dari sikuleta mimi! Huyu ndiye aliyeleta! Kuanzia dakika hii hana kazi hapa! Mzee, shuhudia!" Akaunyakua mkataba wa Gundi, akauchana vipande viwili, vikawa vinne, akautupa chini ya meza.

Ilimuuma Gundi. Tusidanganyane, ilimuuma sana. Gundi alijiona kabisa amevaa sare, amesimama katikati ya mapazia ya maua makubwa, akimwambia mteja, "Hili linaenda na kochi lolote, mama." Lakini mjomba alikuwa bado na aproni yake kiunoni, na hilo lilimtosha kushusha pumzi. Akanyoosha mkono alichukue boksi lake aondoke.

"Liache hapo," alisema Mzee.

Gundi akaliacha.

"Mpishi. Huo mfuko una nini?"

"Biskuti, Mzee. Za kweli. Bado zina moto."

"Zipange ndani."

Mjomba alizipanga, huku Gundi akimwelekeza kila moja ikae kwenye kitanda chake cha kadibodi. Mzee akaufunga mfuniko. Akalinyanyua boksi juu ya kichwa chake, akapanda kwenye kiti, mzee mzima wa watu, na suti yake.

"Mzee, utaanguka," alisema mjomba.

"Litaanguka hili."

Akaliachia.

Boksi lilitua kwa pembe, likapinduka, likasimama. Gundi alikuwa amejishika masikio kana kwamba biskuti zingepiga kelele. Mjomba ndiye aliyekuwa karibu, akachuchumaa akavuta kiulimi, akachungulia kwanza yeye.

Ukweli ambao mnausoma ninyi peke yenu ni huu: moja ilikuwa imevunjika. Ya pembeni kabisa. Mjomba aliitazama nukta moja, akaitia mdomoni yote, akaimeza bila kutafuna, kisha akamgeuzia Mzee boksi huku machozi yakimlengalenga.

"Nzima zote, Mzee."

Mzee alishuka kitini. Alitoa biskuti moja, nyingine, nyingine tena, akizigeuza kwenye mwanga. Akaila moja. Ililika. Uso wake ukalainika, na kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze Mzee Biskuti akafanana na mtu mwenye furaha.

"Nani mwenye boksi hili?" aliuliza.

"Ofisi yangu, Mzee!" Mkurugenzi alisharuka na kalamu mkononi. "Ni kazi ya ofisi yangu!"

"Sikuuliza ofisi. Nimeuliza aliyelichora."

"Huyo nimeshamfukuza."

"Nimeona. Umenishuhudisha mwenyewe." Mzee alijifuta vidole kwa kitambaa. "Mimi nafanya kazi na aliyelichora. Umemtupa, mimi nimemwokota. Binti, boksi langu nalifanya na wewe. Ila mimi sifanyi biashara na watu wa vichochoroni, mikataba yangu naisaini ofisini kwa mtu, nikiona meza, nikiona kabati, nikiona mtu wa kunipokea. Una ofisi?"

Gundi alifungua mdomo. Alikuwa ameapa moyoni, si dakika nyingi zilizopita, kwamba hatasema uongo tena hata akiulizwa umri wake.

"Mzee, kwa kweli mimi..."

"Anayo!" alisema mjomba.

Gundi akageuka.

"Anayo ofisi," mjomba aliendelea, akishika kasi kama gari lililokatika breki. "Kubwa tu. Na kabati. Na mtu wa kupokea wageni, mama mmoja mkali sana."

"Mjomba," alisema Gundi kwa meno yaliyobana.

"Anaona haya kujisifu, Mzee. Ndivyo tulivyomlea."

Mzee Biskuti alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Akalichukua boksi, akaliweka kwapani. "Vizuri sana. Nilidhani ni binti wa kuhangaika. Basi hakuna haja ya kupanga siku, twendeni sasa hivi. Gari liko mlangoni."

"Sasa hivi?" mjomba aliuliza.

"Kwani ofisi imefungwa?"

"Hapana," alisema mjomba. "Haijafungwa."

Walishuka ngazi watatu, nyuma yao Mkurugenzi akiwa amepiga magoti chini ya meza, anaokota vipande vya mkataba na kumuuliza katibu wake kama kuna mtu ana gundi. Nje, dereva alikuwa ameshafungua milango. Mzee akaketi nyuma na boksi lake mapajani. Gundi akasukumwa kando yake, akijaribu kukumbuka kama kuna mtu yeyote kwenye ukoo wao aliyewahi kumiliki kabati la ofisi.

"Mpishi, kaa mbele," Mzee aliamuru. "Wewe ndiye unayepajua."

Mjomba akakaa mbele. Dereva akawasha gari, wakatoka getini, wakafika penye njia panda.

"Kushoto au kulia?" aliuliza dereva.

Mjomba alitazama kushoto. Akatazama kulia. Akafunga mkanda.

"Wewe nenda tu," alisema. "Nitakwambia tukifika."